Bi Mkubwa na Sindano

Kila Chumvi aliposhindwa mashindano ya boti, alikuwa na sababu, na sababu zake hazikuwa za kukonda. Mara samaki mkubwa kama sofa aling'ang'ania usukani. Mara upepo ulifika kwenye tanga lake, ukamkuta anapiga chafya, ukaona adabu kupita. Ndiyo maana watu walimwita Chumvi, na jina lake la kitambulisho likabaki kwa ofisi ya pensheni na mkewe, siku akikasirika.

Alikuwa fundi bomba mstaafu. Uendeshaji wa boti ya tanga alijifunza mwenyewe, kwenye bwawa la maji nyuma ya mji, kwa kitabu kisichokuwa na kurasa za mwanzo. "Ndiyo maana huwa naanza vibaya," alieleza.

Lakini katika sababu zake zote, moja aliiamini kwa dhati: boti yake ilikuwa ya zamani.

Klabu ya bwawani ilikuwa na boti saba za mtu mmoja, zote za aina moja, Chiriku. Urefu mmoja, tanga la kipimo kimoja, ili anayeshinda ashinde kwa akili yake. Ila Chiriku zilitoka kwa matoleo mawili. Toleo la kwanza lilikuwa la mbao, mbavu zenye kona kali, na boriti ya chini ya tanga ilipita chini kiasi kwamba usipoinama inakunyoa bila sabuni. Toleo la pili lilikuwa la faiba, mbavu za mviringo, sakafu inayojitoa maji yenyewe. Boti sita zilikuwa za toleo la pili. Ya saba ilikuwa Bi Mkubwa, ya Chumvi, aliyeikuta imepinduliwa nyuma ya banda, kuku wametaga ndani. Aliikwangua miezi mitano, akabadilisha mbao moja moja, akaipaka rangi kwa brashi ya mkono. Mkewe alisema hata siku ya harusi yao hakujipaka vizuri vile.

Bingwa wa bwawa alikuwa mdogo wa kike wa mkewe, fundi cherehani wa sare za shule. Boti yake ya faiba aliiita Sindano.

"Shemeji," Chumvi alimwambia, amekaa kwenye kiti cha wateja kama kawaida yake kila Jumatatu, "ningekuwa na faiba mimi, ungesikia upepo tu. Ukigeuka, nishafika nyumbani, nimeoga."

Shemeji alikuwa ameuma pini tatu, anapima pindo la sketi. Alizitoa moja moja. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua."

"Mbaazi gani? Ile yangu ni mbao, mama! Mbao na faiba wapi na wapi?"

Maneno hayo aliyasema kila mahali kwa miaka minane. Kumbe Katibu wa klabu, mpima ardhi mstaafu, mtu wa kuandika hata idadi ya vijiko, alikuwa akiyaandika.

Siku ya mkutano wa klabu, kwenye chumba chenye viti vya plastiki na majaketi ya kuelea yaliyotundikwa ukutani, Katibu alifungua daftari. "Mzee Chumvi amelalamika mara arobaini na moja kwamba toleo la kwanza haliwezi kushindana na la pili. Kamati imemsikiliza. Imekubali. Toleo la kwanza litolewe kwenye mashindano, na nafasi yake bandani ipewe boti mpya."

Chumvi alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Atapelekwa wapi?" aliuliza hatimaye.

"Mbao bado nzuri," alisema Katibu kwa upole. "Zitatoa mabenchi mawili."

Shemeji alisimama kule nyuma. "Kabla hamjampa mtu talaka, si mumsikilize na yeye? Tubadilishane. Shemeji apande Sindano yangu, mimi nimpande Bi Mkubwa. Mizunguko miwili, sisi wawili tu. Bi Mkubwa akitangulia, abaki."

Wakakubaliana iwe Jumamosi asubuhi, na Katibu akaongeza sharti moja: kila mtu ashindane kwa nguvu zake zote, la sivyo matokeo hayahesabiki.

Nyumbani, mkewe alimtazama anavyokorogakoroga chai isiyo na sukari. "Sasa umepatikana, baba. Ukishinda, maneno yako ni kweli na boti inakuwa benchi. Ukishindwa, boti inabaki, ila mji mzima utajua kilichokuwa kizito si mbao."

"Nitashindwa," alisema Chumvi. "Kwa makusudi. Taratibu, kitaalamu, Katibu mwenyewe asijue."

"Wewe? Kushindwa huhitaji kukusudia."

Jumamosi upepo ulikuwa mwanana, wa kutikisa majani tu. Shemeji alikuja na kofia ya kamba, akazunguka Bi Mkubwa mara mbili kama anayempima mteja mwenye kiuno cha tabu. Kisha akaingiza mkono kwenye pua ya boti, chini ya kifuniko, akaanza kutoa vitu.

Akatoa sanduku la spana. Akatoa birika. Matofali mawili. Kamba iliyolowa tangu enzi za mababu. Koki ya shaba, viwiko sita vya bomba, na sinki dogo la kunawia mikono.

"Shemeji," aliuliza, "hili lilikuwa likusaidie nini katikati ya maji?"

"Fundi hatembei bila vifaa," Chumvi alisema, lakini sauti ilimpungukia. Hakukumbuka lini aliweka sinki.

Boti iliposukumwa majini, Chumvi aliinama kuitazama. Bi Mkubwa aliinuka upana wa vidole viwili, na ubavuni ukajitokeza mstari mweupe. Aliuchora yeye mwenyewe ile miezi mitano, mahali maji yalipotakiwa kuishia. Miaka minane ulikuwa umezama, naye akasahau kwamba upo.

Katibu akapuliza filimbi.

Lazima ukweli usemwe: Sindano ilikuwa tamu. Iliteleza kama sabuni bafuni. Chumvi alikusudia kuchelewa kuanza, lakini kabla hajachelewa vizuri alikuwa mbele urefu wa boti tatu, na kichwa kikamvimba. Mpango wake wa kushindwa aliusahau palepale. Kwenye boya la mbali aligeuka akipiga mluzi. Akarudi, akaanza mzunguko wa pili, bado yuko mbele, akageuza shingo amcheke shemeji.

Hakucheka.

Bi Mkubwa alikuwa akija. Shemeji, mwanamke mwenye mwili, anayemzidi Chumvi kwa ndoo nzima ya maji, alikuwa amesogea mbele kabisa karibu na mlingoti, mahali Chumvi hakuwahi kukaa kwa sababu pua ilikuwa imeshalemewa na birika lake. Alikuwa ameilaza boti kidogo upande mmoja, ikawa imesimama juu ya ile kona kali ya ubavu, nusu ya tumbo lake imetoka majini. Faiba ya mviringo isingeweza kukaa hivyo. Ingeyumba tu kama mlevi. Mbao ilikaa, ikayakata maji kama mkasi mkali kwenye pamba. Kamba ya tanga aliishika kwa vidole viwili, kama anavyopapasa kitambaa dukani kujua kama kitachuja rangi, na kila upepo ulipopumua, vidole vilijua kabla ya tanga.

Na boriti ile ya kunyoa watu? Aliinama chini yake kila alipogeuza boti, bila kuitazama, kama mtu anayepita mlango wa chumba alichozaliwa.

Chumvi alisahau kwamba anashindana. Aliona mtindo wa boti yake kwa mara ya kwanza. Mtu ukiwa ndani ya boti huoni uzuri wake. Alinong'ona, "Bi Mkubwa, kumbe ndivyo ulivyo?"

Kisha damu ikamchemka. Akavuta kamba. Akajitupa nje ya ubavu mpaka mgongo ukagusa maji. Boya la mbali lilikuwa upande upepo unakotoka, halifikiki ila kwa kukata kona huku na huku; aligeuza boti mara tisa, akibabaika, na kila kugeuka kukamla mwendo. Shemeji aligeuka mara tatu, kila mstari umenyooka kama mshono. Alimpita hapohapo kwenye boya, karibu kiasi cha kupeana chumvi mezani.

"Shikamoo, shemeji!" alisema huku akipita, ingawa Chumvi alikuwa amemzidi miaka miwili tu.

"Marahaba, mchawi wewe!"

Chumvi akamaliza nyuma yake urefu wa boti sita.

Ufukweni, Katibu alimngoja na daftari, uso umekunjamana. "Mzee Chumvi, naomba jibu, na leo uliweke bila viungo. Ulimwachia?"

Jibu moja lilikuwa tayari ulimini, zuri, limekaangwa: *Nilimwonea huruma, mdogo wa mke wangu.* Heshima yake ingebaki juu kama bendera, na Bi Mkubwa angekwenda kukaliwa na watu. Alimtazama, amefungwa pale kwenye gati, mstari wake mweupe unang'aa.

"Sikumwachia," alisema. "Nilitaka kumwachia, nikasahau. Nimevuta mpaka roho imenitoka. Amenishinda, Katibu. Kwa boti yangu. Miaka minane tatizo lilikuwa mimi na sinki."

"Nitakuaminije? Wewe?"

Chumvi akafungua viganja. Kamba ilikuwa imechuna ngozi kutoka kidole cha shahada mpaka cha mwisho, nyekundu tupu. Katibu, mtu wa vipimo, aliinamia mikono ile kwa muda mrefu, kisha akaandika neno moja na kulipigia mstari: *Abaki.*

Mkewe alimfunga vitambaa bila kumtania, jambo ambalo lilimtisha kidogo. Shemeji alipakia birika, koki, viwiko na sinki kwenye toroli.

"Jumatatu uje mapema," alimwambia. "Lete kitabu chako. Zile kurasa za mwanzo ninazo kichwani."

Chumvi alilisukuma toroli kwa viwiko vya mikono hadi getini, ambako mlinzi, aliyekuwa zamu na hakuona kitu, alimuuliza ilikuwaje.

Chumvi akalitua toroli. Macho yakaanza kumetameta.

"Ndugu yangu, kaa chini. Umemwona shemeji yangu yule? Leo amepita kwa kasi mpaka bata wamejipanga kando, na yule mkubwa wao akavua kofia..."