Kiburu cha Julius

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Julius, mpagazi wa watalii, apotelee mlimani kwenye theluji. Kila jioni mama yake, Salvina, bado alimbakizia kiburu chake kwenye sufuria, ndizi na maharage, akafunika vizuri. Asubuhi kiliishia kwa kuku. Mumewe, Kornel, alikuwa amechoka. Alitaka jina la kijana lisomwe kanisani Novemba, pamoja na marehemu wengine wa Uru.

"Maiti hujaiona, misa ya nini?" Salvina alimjia juu. "Mwanangu yuko mlimani."

Ukimgusia habari hiyo mara ya pili, umejitafutia balaa mwenyewe.

Lakini usingizi ulimkimbia. Alikuwa akifua nguo Shirimatunda, kwa Bwana Perera, mhandisi kutoka Sri Lanka, ambaye kila asubuhi aliketi mkekani, miguu ameikunja, macho ameyafumba, kimya kabisa. Salvina alimwonea wivu. Akajiaminisha kwamba ile ni dawa.

"Bwana Perera, nifundishe na mimi. Nataka moyo unyamaze."

Perera alisita. "Mama Julius, hii si ya kunyamazisha. Sisi Wabudha tunakaa ili tuache kukimbia. Tuone kitu kama kilivyo. Inaweza kuuma."

"Kuuma nimeshazoea."

Basi akamwelekeza: fuata pumzi yako, ikiingia ujue imeingia, ikitoka ujue imetoka. Mawazo yakikuchukua usigombane nayo, rudi kwenye pumzi.

Mwanzoni Salvina aliwaza nguo alizoloweka, na magoti yakamuuma. Kisha asubuhi moja pumzi iliingia, ya baridi puani, ikatoka ya uvuguvugu. Ikaingia tena. Hakuwa na pa kukimbilia. Hapo hapo, bila kuambiwa na mtu, akajua kwamba Julius hana pumzi. Hayuko mlimani akitafuta njia. Alikufa kwa baridi, peke yake, tangu zile siku za kwanza, na muda wote huu mama yake amekuwa akiwapikia kuku.

Alilia mpaka sauti ikakauka. Perera aliketi karibu naye sakafuni.

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui, mama," alisema.

Jioni ile Salvina alipika kiburu cha watu wawili, akapakua chote. Kornel akachungulia sufuria, akaiona tupu.

"Baba Julius, kesho peleka jina kwa padri. Ulisema kweli. Mtoto amekufa."

Alitegemea mzee atashukuru, maana neno hilo amelidai mpaka wakakosana. Kornel alishusha bakuli lake chini.

"Mimi nilikuwa nasema tu," alisema. "Nilisema kwa sababu wewe ulikuwa unakataa. Nikilala, najua yupo mtu humu ndani anayekataa. Sasa na wewe umekubali, Mama Julius, nani atamngojea?"

Kornel akakirudisha kiburu chake kwenye sufuria, akafunika vizuri.