Mruko wa Kumuaga Panzi

Siku ya kumuaga Panzi, mrukaji aliyekuwa anastaafu, chama cha riadha kilijipamba kama bibi harusi. Mwenyekiti alisimama jukwaani, kitambi kimetangulia, akatamba kuwa yeye ndiye aliyemlea binti huyu, kwenye mbio fupi na kwenye kuruka mbali. Panzi alitabasamu kwa midomo tu. Miaka yote hiyo mchanga wa kurukia aliuchekecha yeye na mama yake, wakiokota vipande vya chupa. Mwenyekiti hakuwahi kushika hata koleo. Kazi yake ilikuwa kutokea medali ikishavaliwa, ajipenyeze kwenye picha.

"Sasa mwanetu aturukie mara ya mwisho!" akanguruma, na wageni wakapiga makofi.

Panzi akashuka uwanjani, akatazama mwisho wa njia ya kukimbilia. Shimo la mchanga halikuwepo. Palikuwa na sakafu ya saruji, imesuguliwa mpaka inang'aa.

"Mchanga uko wapi, mzee?"

"Tumeuzoa wote," akajibu kwa fahari. "Waheshimiwa wangechafua viatu. Tumekutengenezea kiwanja cha kisasa, mwanangu."

Kutoka safu ya nyuma mama yake akaguna, "Akili ni nywele, na huyu ana kipara."

Panzi akamshika mwenyekiti mkono kwa adabu zote, akamwongoza mpaka kwenye ubao wa kurukia, kipaza sauti kikiwa bado mkononi mwa mzee.

"Baba mlezi," akasema, uwanja mzima ukisikia, "si wewe uliyenifundisha kuruka? Haya, tangulia, mwanao nikuige."