Askari wa Nne wa Bati

Askari sita wa bati walikuwa wameegemezwa ukutani nyuma ya kibanda cha Saulo, wakikaushwa na jua, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso. Magwanda yao ya kijani yalikwisha kukauka. Mikanda, bunduki, hata vifungo, vyote vilikuwa tayari. Juu ya shingo palibaki duara tupu la kahawia, na Saulo, mchora mabango aliyejulikana Iringa nzima kwa herufi zake zilizonyooka, alikuwa na siku ya tatu akizunguka na brashi mkononi bila kuthubutu kuigusisha hapo.

Mchezo waliotengenezewa askari hao ulikuwa wa Mulji, mwenye mkahawa karibu na soko. Aliununua Mbeya kwa mtu aliyekuwa anahama: sanduku la mbao lenye kimo cha mtu, na mbele yake bunduki ya bandia iliyofungwa kwa chuma. Mchezaji alitumbukiza sarafu, akaweka jicho kwenye tundu, na mara akajiona yuko porini peke yake, silaha mkononi. Swala na nyati wa bati walipita mbele yake juu ya mnyororo, na aliyelengwa sawasawa alianguka kwa mlio wa kengele.

Lakini huo ulikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1979, na redio zilikuwa hazijaacha kuimba ushindi wa vita vya Kampala.

"Nani atapiga swala mwaka huu, fundi?" Mulji alikuwa amesema. "Nitolee wanyama. Niwekee askari wa nduli."

Saulo ndiye aliyechora pia bango la mlangoni: UNAKUJA SABASABA! VITA KWA JICHO LAKO MWENYEWE! Tangu siku hiyo watu hawakumpa nafasi ya kupumua. Makarani, wapagazi, madereva wa malori, kila mmoja alimsimamisha njiani kumwuliza utafunguliwa lini, na kama kweli ukikosa wanakupiga wewe. Saulo alicheka nao, kisha akaondoka haraka. Jailos, mdogo wake wa pekee, aliondoka na mgambo wa Kalenga kwenda vitani mwezi wa Desemba. Barua yake ya mwisho ilikuwa ya Februari.

Aliwapeleka askari kwa Mulji vile vile, bila nyuso. Mulji aliwageuzageuza.

"Hizi ni chupa," alisema. "Mtu haoni raha kuangusha chupa."

"Sijawahi kumwona askari wao hata mmoja, Bwana Mulji. Nichore sura ya nani?"

Mulji aliliweka bati mezani taratibu. "Dada yangu aliwaona. Mwaka sabini na mbili walimfukuza Kampala na mkoba mmoja. Njiani wakamvua bangili, hadi ile ya marehemu mama. Nilimwuliza wanafananaje." Akalisukuma bati kwa Saulo. "Akasema wanafanana na watu. Basi, chora watu."

Saulo alizichora nyuso zote sita kwa mchana mmoja, mkono ukienda mbio kana kwamba unakimbia kitu. Roza, mkewe, alipomletea chakula, alipita mbele ya ukuta akitazama mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa wa nne alisimama.

"Baba Leokadia," alisema. "Huyu si shemeji?"

"Shemeji gani? Huyo ni adui."

"Namwona Jailos."

Roza alifunua chakula, akaenda zake. Saulo alibaki akiutazama uso ule: jicho la kushoto lililolegea kidogo, mdomo wa mtu anayetaka kuomba jambo na anaona haya. Akamwongezea masharubu. Akawa Jailos mwenye masharubu. Akamtia kovu shavuni, akaogopa, akalifuta kwa mafuta ya taa mpaka kitambaa kikapata tundu. Kila alichokifanya kilizidi kumleta karibu.

Siku moja kabla ya Sabasaba alikwenda kuwafunga kwenye mnyororo. Mulji akamtaka aijaribu kazi yake mwenyewe. Saulo aliweka jicho kwenye tundu. Taa ikawaka, askari wakaanza kutokea kichakani, na kidole kikafanya kazi yake. Kengele. Kengele. Alikosa mmoja, akajilaumu, akampata aliyefuata. Moyo ulimwenda mbio kwa raha asiyoitarajia. Taa ilipozimika ndipo alipohesabu: aliyemkosa alikuwa wa tatu.

"Nipe yule wa nne nikamrekebishe," alisema, jasho likimtoka.

"Ana kasoro gani?"

Kulisema jambo lile ilikuwa kama kumchuria ndugu yake kifo.

"Fundi, kesho ni Sabasaba. Mwache."

Akamwacha. Kwa mwezi mzima hakupita tena barabara ile, lakini upepo wa kipupwe ulimletea kengele mpaka kibandani, na kila ilipolia aliiondoa brashi kwenye ubao, akangoja inyamaze.

Jailos alirudi Agosti, mchana, juu ya lori. Watu walimbeba juu juu kutoka sokoni hadi kwa Mulji, na Mulji mwenyewe akamwambia bunduki ni yake siku nzima. Saulo alipofika akikimbia, mikono imejaa rangi, alimkuta mdogo wake amekwisha kuweka jicho kwenye tundu. Mashine ilikuwa ikinguruma. Kengele haikulia.

"Piga!" watu walipiga kelele. "Wape!"

Mnyororo ulizunguka mara ya kwanza, ukazunguka mara ya pili. Mulji aliinua mkono kuwanyamazisha. Taa ilipozimika Jailos alirudi nyuma, akamwona kaka yake, akamshika kifundo cha mkono.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene."

Akamwinamia sikioni. "Yule wa nne. Ulimjulia wapi?"

"Ni sura tu, Jailos. Niliibuni."

"Hapana. Namjua." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayetoa taarifa. "Alikuwa amekaa kando ya barabara, anafunga kamba za kiatu. Hakuniona."

Saulo aliutazama uso uliokuwa mbele yake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na jicho la kushoto halikulegea tena. Lilikuwa wazi sawasawa na la kulia. Haukufanana na bati lile hata kidogo. Alifungua mdomo aseme alimchora nani hasa, akaufumba.

"Mama yuko wapi?" Jailos aliuliza.

"Kalenga. Anakungoja."

"Twende kwa miguu. Tupite pasipo na watu."

Roza alikuwa amefika mlangoni na kanga ya kumtandikia shemeji yake apite juu yake kwa heshima. Saulo alimtikisia kichwa, naye Roza akaikunja tena. Ndugu wawili wakatokea uani, wakashika njia ya mteremko. Walipoanza kuuona mto, Jailos alianza kusema. Saulo akapunguza mwendo, kwa maana Kalenga haikuwa mbali vya kutosha.