Upande wa Chini wa Jani

Ndambuki aligeuza jani, akaona vumbi linatembea.

Akainama mpaka pua ikagusa utando mwembamba kama wa buibui. Vilikuwa vidudu vidogo kuliko punje ya chumvi, mamia kwa mamia. Kwa wiki tatu alikuwa ameyaona majani yakipauka, akadhani mimea ina njaa. Akaitilia mbolea ya kuku, kisha akaongeza. Kingo za majani zikaungua, zikawa kahawia. Kumbe muda wote huo ilikuwa inanyonywa.

Ilikuwa mimea minne, nyuma ya bafu la mabati, kwenye ploti yao kule Njiru. Bangi. Ndambuki, mchonga vinyago kwa miaka arobaini na mzee wa kanisa, hakuwahi kulitamka neno hilo nyumbani kwake hadi Kaluki, mkewe, alipougua saratani ya tumbo. Kila alipotundikiwa dawa hospitalini, Kaluki alitapika siku sita, hata maji. Kisha mgonjwa mwenzake akampa chai ya majani hayo, na jioni ile akaomba ugali. Aliomba mwenyewe! Ndambuki alijaribu kununua kwa vijana wa mtaani, lakini walichomuuzia kilikuwa kimechanganywa na kitu. Kaluki alilala mchana kutwa akizungumza na marehemu mama yake. Ndipo Ndambuki akapanda.

Sasa maua yalikuwa yamekomaa, tayari kuvunwa, na dawa nyingine ya hospitali ilikuwa Jumatatu.

Alikata ncha ya jani, ndogo isiweze kutambulika, akaipeleka kwenye agrovet, duka la dawa za mimea na mifugo, kando ya Barabara ya Kangundo. Habon, mwenye duka, aliitazama kwa kioo cha kukuzia.

"Nyanya zangu zimeingiliwa," Ndambuki alisema.

"Ni utitiri." Habon akaweka chupa mezani. "Hii inaumaliza kwa siku mbili. Lakini usivune kabla ya wiki tatu."

"Mimi navuna Jumamosi."

"Basi usinyunyize. Hii ni sumu."

"Nikiosha je?"

"Haioshwi, mzee. Inaingia ndani ya jani."

Ndambuki hakuondoka. Habon akainusa ile ncha, kisha akanusa vidole vyake. Akashusha sauti.

"Mzee, hii si nyanya."

Ndambuki akageuka kutazama mlangoni. Nje, askari wawili walikuwa wakinunua mahindi ya kuchoma.

"Ni ya mke wangu," alisema. "Hali kitu. Anaisha hivi namwona, mama."

Habon naye alitazama mlangoni. Kisha akairudisha chupa kwenye rafu.

"Kama ni mgonjwa atakayekunywa, usiweke dawa yoyote. Maji na sabuni ya kipande, kidogo tu. Osha jani kwa jani, upande wa chini, halafu suuza. Na tafadhali usirudi hapa na hiyo kitu. Nina watoto."

Ndambuki aliosha siku mbili. Alichuchumaa na beseni, akifuta kila jani kwa kitambaa, kwa ule utaratibu wa mtu anayepiga msasa kinyago. Mgongo ukakataa kunyooka. Kutoka ndani alimsikia Kaluki akitapika, akaacha, akaingia kumshikia ndoo, akarudi kwenye majani. Siku ya pili jioni vidudu vilikuwa vimepungua. Aliona chipukizi moja safi, akacheka peke yake.

Usiku ule mvua ikaanza, ikanyesha mpaka Jumamosi.

Alipoyapasua maua, yalikuwa na ukungu wa kijivu katikati. Akaleta kisu chake cha kuchongea. Alijua kufuata uozo katika mti mpaka akutane na sehemu nzima. Akakata, akakata tena. Mmea wa kwanza ukaisha mikononi mwake. Wa pili. Wa tatu. Katika wa nne alibakiwa na kiasi cha kiganja kimoja, na hata hicho, alipokielekeza kwenye mwanga, kilikuwa na uzi mweupe mmoja.

Muuguzi alikuwa amewaonya: damu ya Kaluki haina nguvu ya kupigana na vijidudu, hata embe lenye doa asipewe.

Alisimama na kile kiganja. Pengine kikichemshwa sana. Pengine uzi ule haukuwa kitu. Alisimama hadi shati likamshika mwilini, kisha akaenda chooni, akatumbukiza vyote shimoni.

"Mama Muoki," alisema mlangoni, "imeoza. Yote."

Kaluki alikuwa ameegemea ukuta, macho yamezama. "Nilikusikia ukikata."

"Nitawatafuta wale vijana tena."

"Usiende."

"Na Jumatatu tutafanyaje?"

Kaluki alinyoosha miguu polepole mpaka ukingo wa mkeka, miguu iliyokonda ikabaki mifupa na ngozi.

"Fungua mlango huo vizuri, Baba Muoki. Chumba kina joto."

Akaufungua wote. Upepo ukaingia na manyunyu yakafika kwenye nyayo za mkewe. Ndambuki akainama kuvuta blanketi amfunike, lakini Kaluki akamzuia mkono, akaiacha miguu pale pale, inalowa.