Mbwa Aliyelelewa Jikoni

Evaristo, Mungu amrehemu, alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa jambo moja: mtoto wa mbwa haingii jikoni. Mbwa wa milima ya Estrela, wa kulinda kondoo, ana kifua kipana na kichwa kigumu kuliko cha mwenye nyumba. Humwamrishi, huamua mwenyewe. Na huamua mara moja tu, akiwa mdogo: wale anaolala nao ndio atakaowafia. Ndiyo maana hulazwa zizini kati ya wana-kondoo, na habembelezwi.

Mkewe Deolinda aliyajua hayo yote. Lakini Evaristo alizikwa Januari, nyumba ikawa kimya mno, na Farrusco alikuwa kitoto cha mbwa cha wiki saba, kinatetemeka. Akamwingiza ndani. Siku mbili tu, alijiambia. Siku mbili zikawa miezi minne ya mkate uliolowekwa kwenye maziwa na hadithi za marehemu. Raha iliyoje kupata wa kukusikiliza!

Oktoba, Farrusco akiwa sasa mbwa mkubwa wa kwenda malishoni, ukungu ulishuka mchana kweupe. Deolinda aliwaacha kondoo malishoni, akakimbia nyumbani kugeuza jibini lisiharibikie upande mmoja.

"Baki hapa!" alimwamuru Farrusco.

Wapi! Alimfuata unyounyo, akajilaza kizingitini. Waliporudi, mbwamwitu walikwisha pita. Kondoo kumi na mmoja wamekwenda, pamoja na kondoo kiongozi, yule mwenye kengele shingoni.

Kesho yake shemeji yake, Albano, alifika na kamba.

"Shemeji, huyu si mbwa, ni mkwe wa kulishwa jikoni! Nampeleka mjini akalinde gereji."

"Thubutu!"

"Ameacha kazi, kondoo wakaliwa!"

"Hakuacha kazi. Alikuwa ananilinda mimi, na kazi hiyo nilimpa mwenyewe." Akalivuta godoro lake kitandani. "Shika godoro upande huo."

"La nini tena?"

"Haondoki nilipo. Basi nahamia zizini."

Albano alicheka. Alipoona hatanii, akashika godoro.

Zizini, Deolinda alimvika Farrusco ukosi wa miiba ya chuma wa kuzuia meno ya mbwamwitu, ule wa mbwa wa zamani wa Evaristo, akamsukuma taratibu. "Nenda kwa wenzako, baba."

Farrusco alipiga hatua mbili. Kondoo wakakimbilia ukuta wa mbali, wakabanana huko, wakimkodolea macho. Alisimama kidogo, akageuka, akarudi kuweka kichwa chake kikubwa mapajani mwa Deolinda.

Jamani, hilo lilimuuma kuliko wale kumi na mmoja. Mbwa hakuwa na kosa lolote, na hakuwa na kondoo. Deolinda akalia, na huku analia akampapasa masikio. Angefanyaje? Mkono ulikwisha zoea.