Mfuko wa Mchanga na Paja la Fundi

Mimi ni fundi wa cherehani ya kukanyaga, na mdomo wangu, jamani, hauna breki. Tangu utotoni mguu wangu wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto, mpaka mgongo ukagoma. Daktari akakata kipande cha mfupa wa paja, akaunga kwa chuma. Miguu ikalingana! Lakini msuli ukabaki mrefu kuliko mfupa, umelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nauambia mguu nyooka, wapi!

Mtaalamu wa mazoezi akaniambia, "Ukinyoosha goti ukiwa na kilo mbili kifundoni, utarudi kazini. Kabla ya hapo, hukanyagi pedali."

Nikaogopa. Nisiposhona, mimi ni nani?

Nikashona mfuko wa turubai kwa mkono. Wifi yangu, mwenye duka la nafaka, akautia mchanga, akaupima kwenye mizani yake, na kila asubuhi akawa ndiye msimamizi.

"Inua, fundi! Au nikuitie winchi?"

"Hebu nyamaza, wewe!"

Paja linatetemeka, jasho chapachapa, mguu unaishia katikati. Wiki zikapita, nami palepale. Siku moja nikaangua kilio, nikasema basi, cherehani iuzwe. Wifi akatoka nje.

Siku ya kupimwa nilikwenda na wifi, roho mkononi. Mtaalamu akanifunga uzito wake, akainama kutazama goti. Nikasukuma kwa hasira zangu zote. Lo! Mguu ukafyatuka, miwani ya mtaalamu ikaruka hadi chini ya kitanda.

"Hizi ni kilo mbili kweli?" nikauliza.

Wifi akatazama sakafu. "Nilikuwa naongeza mchanga. Kila nikiona mguu unapanda kidogo, naongeza. Haba na haba, wifi."

"Ungemvunja!" mtaalamu akafoka, akipapasa chini ya kitanda. "Siku nyingine uniulize kwanza!"

Wifi akaomba radhi. Mimi nilikuwa na matusi tayari mdomoni. "Uliniona nalia, ukanyamaza?"

"Siku ile nilikwenda kulia nyuma ya magunia," akasema. "Nikarudi niupunguze mfuko, mkono ukakataa. Nilitaka urudi kazini, wifi yangu."

Matusi yakaniishia. Nikamvuta, tukalia, tukacheka, tukalia tena.

Kesho yake nilikaa kwenye cherehani. Nikakanyaga kwa mguu wa kulia, nao ukaenda bila kubembelezwa.