Bukari ya Wakwe

Mgeni njoo, mwenyeji apone! Aliyesema hivyo hakuwahi kupikia wakwe kwenye mbabula moja, jiko la makaa. Hortense alikuwa na moja tu siku ile. Ya pili ilibaki katika nyumba waliyoikimbia, vita vya Katanga vilipoingia Elisabethville. Tangu asubuhi sombe, majani ya muhogo, ilipanda motoni, ikashuka, kuku akapanda, akashuka, sombe ikapanda tena. Mgongo ulimuuma hadi akachoka kulalamika.

Wakwe walitarajiwa saa tisa kutoka Kipushi, kumposa binti yake Mujinga. Wakila, ndoa ipo. Wakiondoka bila kula, hawakukubali, hata waseme maneno matamu vipi. Na bukari ya wakwe, yaani ugali, haisongwi mapema: wanaketi kwanza, ndipo inasongwa, ifike ikitoa moshi. Ukiwapa ya kufunikwa, umewatukana.

Saa tisa ikapita, na saa kumi nayo. Sombe ikaanza kushika chini, akaongeza maji. Makaa yakabaki machache.

"Mama, pengine basoda ba vita banafunga njia," Mujinga alisema.

"Nyamaza, pulizia moto." Alikuwa amechoka hata kuogopa.

Wakafika saa kumi na moja na nusu: Faustin, baba wa kijana, na ndugu yake, vumbi hadi kwenye kope. Hawakuketi.

"Mukwe, utusamehe," Faustin alisema. "Banatufunga ku bariyeri tatu. Couvre-feu iko saa kumi na mbili, hakuna mutu wa kutembea. Tutarudia siku ingine."

Siku nyingine! Katika vita, kesho ni ya nani? Hortense aligeukia moto. Alimwaga unga katika maji ambayo hayajachemka sawasawa, akasonga kwa mikono miwili, akasonga kwa hasira, makaa yakizimika chini. Ilikuwa mbichi, mwiko ulimwambia. Lakini akaipakua hivyo hivyo, akaipeleka pamoja na sombe na kuku, uso ukimwaka kwa aibu.

Faustin alinawa akiwa amesimama. Akamega tonge, akachovya, akatafuna. Ndugu yake naye akala, akasita, akamtazama Faustin. Hortense aliinamisha kichwa, akingoja kuambiwa.

Faustin akameza. Akamega la pili, kubwa kuliko la kwanza.

"Mukwe," akasema, "bukari inaiva muzuri. Mujinga iko mutoto wetu."

Walipokwisha kuondoka, Hortense aliketi chini jikoni na kulia, akalia uchovu wote wa mwaka ule.